Mikono Miwili Juu ya Kitabu Kimoja

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye msiba Nyakakika. Nilipoinama kuingia ndani, harufu ya nyasi mbichi ilinipokea mlangoni. Walikuwa wamezitandaza sakafuni asubuhi ileile, kama zifanyavyo bado baadhi ya nyumba za kwetu zinapotarajia wageni wengi, na umande ulikuwa haujakauka. Wenzangu walipita wakakaa. Mimi nilibaki nimesimama mlangoni, mpaka mama mmoja akanishika mkono akidhani marehemu alikuwa mtu wangu wa karibu sana. Sikumkatalia. Ningemwelezaje kwamba kilichonisimamisha ni nyasi?

Ngoja nikueleze wewe.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Wazazi wangu walifanya kazi Bukoba, na mimi niliishi na mama yake baba katika kijiji kimoja upande wa Nyakahanga. Tulimwita Kaaka, kama wajukuu wa Kinyambo wanavyomwita bibi. Alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, na sauti yake ukiisikia bila kumwona ungedhani ni ya mtu mkubwa mara mbili yake. Viganja vyake vilikuwa na madoa meusi ya utomvu wa ndizi, madoa ya miaka mingi ambayo hata sabuni ya mche ilishayakatia tamaa.

Babu alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Alimwachia Kaaka kibanja chetu: migomba iliyoizunguka nyumba, mibuni iliyochanganyika na migomba, na kule chini, kuanzia kwenye mfenesi mpaka mfereji wa maji, mibuni mitupu. Kibanja hicho ndicho kilichotulisha. Ndicho pia mdogo wake babu, Babu Byabato, alichotaka kigawanywe katikati.

Babu Byabato aliishi ng'ambo ya mfereji. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye kofia ya pama aliyoivua kanisani tu. Nilipokuwa mdogo alikuwa akituletea maparachichi kwenye kikapu, akiyaweka mlangoni na kuondoka bila kungoja asante. Sasa alikuja na karatasi.

Ilikuwa karatasi ya daftari la hesabu, yenye vyumba vidogovidogo, imeandikwa kwa wino wa bluu. Ilisema kwamba marehemu alimpa nusu yote ya chini ya kibanja, mibuni na migomba, na kwamba maneno hayo ni ya kweli. Shauri likapelekwa barazani. Kikao cha kwanza kilifanyika kwenye veranda ya ofisi ya kijiji, na mimi nilikuwepo kwa sababu Kaaka hakujua kusoma na alitaka macho yangu yawe karibu.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Mzee Rwiza, karani mstaafu wa kahawa, mtu aliyevaa mabuti ya mvua hata kiangazi. Aliishika ile karatasi, akaisoma, akaigeuza nyuma kama anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Nani aliandika?" akauliza.

"Mimi," akajibu Babu Byabato.

"Nani walikuwepo marehemu alipokupa?"

"Imeandikwa humo kwamba alinipa."

"Humo umeandika wewe, mzee mwenzangu. Karatasi haiwezi kujishuhudia yenyewe."

Watu walicheka. Mimi nilifurahi mpaka masikio yakawaka moto. Ile sentensi niliipenda kama mtoto mwingine anavyopenda viatu vipya, na wiki nzima nilitembea nayo. Niliwaambia mbuzi nilipowafunga: karatasi haiwezi kujishuhudia yenyewe. Niliuambia mtungi. Mzee Rwiza alikuwa amesema kikao cha pili kitafanyika nyumbani kwetu, ili wajumbe wakione kibanja chenyewe, na kwamba kwa kuwa karatasi imekosa mashahidi, kila upande utaapa kwa Biblia na kusema marehemu alisema nini. Nilijua Kaaka atashinda. Kaaka hasemi uongo, basi kulikuwa na nini cha kuogopa?

Jumamosi nilikwenda kwenye darasa la kipaimara, kanisani. Aliyetufundisha ni Mwinjilisti Zakaria, mwanamume mwembamba aliyekuja kwa baiskeli, koti limefungwa vifungo vyote hata jua likiwa kali, na Biblia yake imezungushiwa mpira wa baiskeli kwa sababu jalada lilikuwa limeachia. Alikuwa mwalimu mzuri. Ila alipenda tujibu kwa pamoja, kwa sauti moja, na ukichelewa alikutazama.

Siku hiyo somo lilikuwa uumbaji. Akauliza, "Tunajuaje kwamba Mungu ndiye aliyeumba ulimwengu na vyote vilivyomo?"

"Imeandikwa!" tukaitikia.

"Ushahidi uko wapi?"

"Kwenye Biblia!"

Na pale, msomaji wangu, ile sentensi ikanipanda kooni. Nakuapia sikuwa na utundu. Nilinyoosha mkono, nikasimama, nikaweka mikono nyuma kama tulivyofunzwa.

"Mwinjilisti, Biblia ni neno la nani?"

"La Mungu."

"Na anayesema kwamba Mungu ameumba ni nani?"

"Mungu mwenyewe, katika neno lake."

"Sasa si ni kama karatasi ya Babu Byabato? Mwenyekiti alisema karatasi haiwezi kujishuhudia yenyewe."

Kijana mmoja nyuma alicheka. Nilisikia bati likilia juu kwa joto. Mwinjilisti Zakaria alifunga Biblia taratibu, akaurudisha ule mpira mahali pake.

"Nani amekufundisha maneno hayo? Ni nyumbani kwenu?"

"Hapana, mwinjilisti."

"Toka nje. Usirudi hapa mpaka uje na bibi yako."

Nilitoka. Nilipopita kati ya mabenchi, kila mtu alitazama miguu yake isipokuwa mmoja: Anitha, mjukuu wa Babu Byabato. Yeye alinitazama usoni, macho wazi, kama anayehifadhi kitu ili akakisimulie vizuri.

Sikumwambia Kaaka. Ningemwambia nini? Kwamba nimemlinganisha Mungu na Babu Byabato? Nilimwambia tumeachiwa mapema. Siku zilizofuata nilifanya kazi kama mtu aliyeajiriwa. Nilichota maji kabla sijatumwa, niliosha masufuria mpaka yakang'aa chini, na kila mtu alipobisha hodi nilikimbilia mlangoni kabla ya Kaaka. Kaaka alinitazama akasema labda nakua. Yeye pia hakuwa sawa siku hizo. Alikuwa anakaa na kisu mkononi mbele ya ndizi ambazo hajazimenya, akitazama chini kuelekea mibunini, na nikimwita haitiki mpaka mara ya tatu. Nilidhani ni wasiwasi wa shauri.

Siku ya kikao, Kaaka aliniamsha alfajiri tukakate nyasi. Tulizitandaza sebuleni zikiwa bado na maji, na nyumba ikajaa ile harufu ambayo mpaka leo naijua hata nikifumba macho. Alichemsha chai, akaweka kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Mchana wingu lilishuka, na wajumbe walipofika mvua ilianza, kwa hiyo wote waliingia ndani: wazee sita wa baraza, Babu Byabato, majirani waliobanana mlangoni, na wa mwisho, akikung'uta koti, Mwinjilisti Zakaria. Alikuwa ameombwa alete Biblia na kusimamia kiapo.

Niliposema "Shikamoo", aliitikia bila kunitazama.

Babu Byabato aliapa kwanza. Alivua kofia, akaweka kiganja chote juu ya kitabu, akasema kwa sauti isiyo na mkwaruzo kwamba kaka yake alimpa nusu yote ya chini, toka kwenye mfenesi hadi mferejini, na kupanda juu mpaka migomba ya katikati, na kwamba Mungu aliyeumba mbingu na nchi ndiye shahidi wake. Mzee mmoja alikuwa anatafuna kahawa, aliacha kutafuna. Maneno yale yalikuwa mazito, na niliona baadhi ya wajumbe wakitikisa vichwa kukubali.

Mzee Rwiza akamwambia Kaaka, "Mama Ernesti, ni zamu yako."

Kaaka alikuwa ameshaanza kuinuka. Babu Byabato naye akainuka.

"Mwenyekiti, nina pingamizi. Shemeji hawezi kuapa kwa kitabu hiki. Katika nyumba hii watoto wanafundishwa kwamba Biblia si ushahidi. Huyu mjukuu wake amesema hivyo kanisani, mbele ya darasa zima. Amesema Neno la Mungu ni kama karatasi tu. Mwinjilisti alimfukuza. Muulizeni, huyo hapo. Sasa mtu asiyekiamini kitabu, akikishika, mkono wake una uzito gani?"

Mvua ilipiga bati kwa nguvu. Kaaka aligeuka akanitazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Mlangoni mtu akasema, "Kumbe!" Mwingine akafyonza.

"Binti, njoo hapa," akasema Mzee Rwiza.

Nilitembea juu ya zile nyasi. Zilikuwa baridi, zinateleza, na hatua nne zile zilikuwa ndefu kuliko njia ya kwenda Kihanga.

"Ulisema maneno hayo?"

Nikuambie ukweli, nililifikiria jibu. Darasani tulikuwa watoto. Ningesema Anitha amenisingizia, nani angethibitisha? Mwinjilisti angeweza kunikanusha, lakini huenda asingependa aibu hiyo ijulikane. Niliona kibanja chote kichwani, mgomba mmoja mmoja, na nikaona kwamba kinaning'inia kwenye ulimi wangu. Kilichonifanya niseme kweli hakikuwa ujasiri. Kaaka alikuwa ananitazama, na sikuwahi kuweza kudanganya nikitazamwa na macho yale.

"Nilisema," nikajibu, na machozi yakaanza. "Nilisema ni kama karatasi ya Babu. Nilitaka kujua tu."

Watu wakaguna. Mzee Rwiza akamgeukia mwinjilisti. "Na wewe unasemaje? Kweli alisema hivyo?"

Mwinjilisti Zakaria alikuwa amesimama karibu na dirisha, Biblia mikononi. Nilijua ananimaliza.

"Aliuliza," akasema.

"Alisema!" akadakia Babu Byabato.

"Mzee, mimi ndiye nilikuwepo. Mtoto aliuliza, nami nilikuwa sina jibu, nikamfukuza. Kukosa jibu ni kwangu. Bibi yake hahusiki."

Mzee Rwiza alijikuna kidevu. "Mama Ernesti, wewe mwenyewe unasemaje? Unakiamini kitabu hiki au hukiamini?"

Kaaka alisogea mbele. Sauti yake, ile kubwa, ilikuwa imepungua mpaka watu wa mlangoni wakainama ili wasikie.

"Mimi kusoma sijui. Hakuna aliyewahi kunithibitishia kitu kwa maandishi, hata jina langu nalichukua kwa kuambiwa. Swali la mtoto siliwezi. Lakini nikiweka mkono hapa najua nimesimama mbele ya nani. Nipeni."

Mwinjilisti alimshikia kitabu. Kaaka akaweka kiganja chake chenye madoa juu ya lile jalada lililoachia, mahali palepale palipokuwa mkono wa Babu Byabato. Akafumba macho. Mwenyekiti akakohoa kumkumbusha.

"Mume wangu hakugawa kibanja," akasema. "Nusu hakumpa mtu. Haya maneno ya migomba ya katikati ni uongo."

Nikashusha pumzi. Nilidhani amemaliza.

"Lakini siku mbili kabla hajafa aliniambia neno. Tulikuwa wawili tu. Alisema, mibuni ya kule chini, kuanzia mfenesi mpaka mfereji, mpe Byabato. Aliipanda yeye kwa mikono yake tulipokuwa vijana, akachimba mashimo yote peke yake mimi kaka yake nikiwa naumwa. Akasema, nisisahau kumwambia."

Alifumbua macho.

"Sikusahau. Nilinyamaza. Nilijiuliza tutakula nini mimi na mtoto. Miaka minne nimenyamaza. Hiyo ndiyo kweli yote, nyingine sina."

Mvua ilianza kupungua. Mimi nilimwangalia Babu Byabato, kwa sababu nilitarajia ashangilie. Alikuwa amekaa. Kofia yake ilikuwa imemdondoka chini, na hakuiokota.

"Shemeji," akasema. "Kaka alisema hivyo? Kwamba nilichimba mimi?"

"Alisema."

"Alikumbuka?"

"Alikumbuka, shemeji. Mimi ndiye niliyekunyima."

Yule mzee mrefu, ambaye saa moja iliyopita alikuwa ameapa kwa sauti isiyo na mkwaruzo, alifunika uso kwa mikono miwili. Hakuwa anajua. Unaelewa? Alikuwa ametunga uongo mkubwa, akaandika karatasi, akaapa, na katikati ya uongo ule kulikuwa na ukweli mdogo ambao hakuwahi kuambiwa. Alidhani kaka yake amekufa bila kumkumbuka kwa lolote. Aliomba msamaha akiwa amekaa vilevile, kwanza kwa wajumbe, kisha kwa Kaaka, na mwisho, kwa sauti ambayo nadhani mimi na mwinjilisti tu tuliisikia, kwa Mungu.

Mvua ilipokatika tulishuka wote mpaka kwenye mfenesi. Mzee Rwiza, na mabuti yake ambayo kwa mara ya kwanza yalikuwa na kazi, alipima kwa hatua. Walikata vijiti vya mlamula, ule mti tunaoupanda mpakani, wakavichomeka kwenye udongo mwekundu uliolowa. Kijiti cha kwanza alikishika Kaaka, cha mwisho Babu Byabato. Tulipoteza mibuni ile. Mwaka uliofuata tulikula ndizi na maharage zaidi ya tulivyozoea, na sare yangu ilishonwa viraka viwili.

Jioni ile nilisubiri kipigo. Kaaka aliniita jikoni. Alikuwa anamenya ndizi, safari hii anamenya kweli, ganda baada ya ganda.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

"Niliogopa, Kaaka."

"Haya. Kila mtu ndani ya nyumba hii alikuwa anaogopa." Akanisukumia kisu cha pili.

Jumamosi alinipeleka kanisani mwenyewe. Mwinjilisti Zakaria alinionyesha benchi langu, akasimama mbele, na kwa mara ya kwanza hakutaka tuitikie kwa pamoja. Alisema kwamba ushahidi wa kupeleka barazani, wa kumfunga mdomo kila mtu, yeye hana. Alisema Maandiko ni habari aliyoipokea kutoka kwa waliomtangulia, akaiamini, na ameishi nayo, na kwamba anayeamini asijifanye kuwa amethibitisha. Kisha akasema jambo ambalo halikuwa kwenye somo: alipokuwa kijana aliwahi kuuliza swali la aina ile, akachapwa. Akafungua kitabu tukaendelea. Mwaka huohuo nilipata kipaimara, nimevaa gauni jeupe la kuazima.

Sasa nikwambie nilichoelewa vibaya.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba siku ile kitabu kilijithibitisha. Niliwaambia rafiki zangu: mnaona, bibi yangu alikigusa, na ukweli uliofichwa miaka minne ukatoka. Kama si neno la Mungu aliyetuumba, kingewezaje? Nilikuwa nimeshapita miaka ishirini ndipo nilipokumbuka, nikiwa nafua nguo, kitu kilichonifanya niache kufua. Babu Byabato pia alikigusa. Saa moja kabla, mahali palepale. Akadanganya, na kitabu kikatulia. Mikono miwili ilipita juu ya jalada lilelile, na halikumchoma mmoja wala kumsukuma mwingine.

Nilimpelekea Kaaka jambo hilo, maana alikuwa bado hai, amezeeka, hatembei mbali. Nilimuuliza: kama si kitabu, ni nini kilichokufanya useme?

Alinitazama kama anayeshangaa kwamba msomi hajui.

"Asubuhi ile tulipokuwa tunakata nyasi," akasema, "nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Ningeapa kwamba nusu hakupewa, na hiyo ni kweli, kisha ningekaa chini. Ya mibuni nisingeyataja. Nilikuwa nimejipanga vizuri sana. Halafu wakakuita. Ukasimama pale juu ya nyasi, na uongo mdogo tu ungetuokoa, na mimi moyoni nikawa nakuomba, danganya, mwanangu, danganya. Ukasema kweli. Ningewekaje mkono wangu pale baada ya hapo?"

Miaka yote nilidhani macho yake ndiyo yaliyonizuia kudanganya. Kumbe macho yale yalikuwa yananiomba nidanganye, na mimi niliyasoma vibaya.

Swali langu la kipaimara bado sijalijibu. Naenda kanisani, nasali, naamini kuna aliyeniumba, na mtu akiniambia nimthibitishie bila kusema tu kwamba imeandikwa, namwambia sina uthibitisho. Lakini siku ile tulikuwa wawili mbele ya baraza, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye asiyeogopa, na kila mmoja akasema kweli kwa ajili ya mwenzake. Hilo liliumbwa na nani, sijui kuliandika.